Ukuta Ni wa Anayeamka Akiutazama

Mheshimiwa mwenyekiti, wasanii wenzangu, wahandisi na maofisa wa mipango miji, viongozi wa mitaa, na ninyi wakazi mlioacha shughuli zenu ili kuja hapa: nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi.

Nimeombwa nieleze jinsi sanaa inavyoweza kubadili mji na maisha ya watu wake. Naomba nianze na kazi ya sanaa iliyobomolewa.

Mwaka 1981, katika uwanja ulio mbele ya majengo ya serikali kuu jijini New York, mchongaji Richard Serra alisimika ukuta wa chuma. Urefu wake ulikuwa mita 36 na ushee, kimo chake kama mita 3.7. Ulikuwa umepinda kidogo, umeinama kidogo, na chuma chake kiliachwa kishike kutu kwa makusudi. Serra alitaka mtu anayekatiza uwanja autambue mwendo wake mwenyewe, ahisi mwili wake ukipita mahali. Na kweli watu walihisi. Wafanyakazi wa ofisi zile, waliozoea kuuvuka uwanja moja kwa moja, sasa walilazimika kuzunguka chuma. Malalamiko yakaanza, sahihi zikakusanywa. Mwaka 1985 kikaitishwa kikao cha hadhara kilichochukua siku tatu. Watu 180 walisimama kuzungumza: 122 wakataka kazi ile ibaki, 58 wakataka iondolewe. Baada ya mvutano mrefu mahakamani na nje ya mahakama, usiku wa tarehe 15 Machi 1989 mafundi waliikata vipande na kuviondoa.

Nimeitafakari habari hii miaka mingi, na inaniuma pande zote mbili. Inaniuma kwamba kazi ya msanii mkubwa ilikatwakatwa usiku. Inaniuma pia kwamba kikao kile cha hadhara kilikuja miaka minne baada ya chuma kusimama. Laiti siku tatu zile za maneno zingetangulia! Huenda Serra angesimika chuma kilekile, lakini angekisimika mbele ya watu waliokwisha kukijadili.

Nami nina ukuta wangu. Nilipokuwa kijana, nimetoka tu mafunzoni, nilipata fedha za kuchora ubavu wa jengo la makazi lenye ghorofa nne. Nikachora uso wa binti, mkubwa, kila jicho likiwa na upana wa madirisha mawili. Mwenye jengo alikubali, mfadhili alikubali, kibali kikatoka. Siku ya uzinduzi wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Miezi michache baadaye nikapita pale, nikakuta macho yale yamepakwa tope. Nilikasirika sana. Nikaanza kuuliza ni nani amefanya hivi. Mama mmoja mzee, aliyekaa jengo linalotazamana na lile, akanijibu kwa upole ulionichoma kuliko tusi: "Mwanangu, nikifungua dirisha ananitazama. Nikivaa ananitazama. Nikilia ananitazama. Wewe uliniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimeuliza kila mtu asiyekaa pale.

Nitarudi kwa mama huyo. Lakini tangu siku ile nimeshika jambo moja, nalo ndilo lililonileta hapa leo. Sanaa huanza kuujenga mtaa pale wakazi wanapokaa chini kuamua juu yake. Rangi huja baadaye, na ikija inabaki kama kumbukumbu ya kikao. Ukiruka kikao, umepamba tu ukuta wa watu.

Wapo wanaosema sanaa ya mjini ni urembo: kwanza maji, barabara, taka, usalama, kisha kikibaki kitu tununue rangi. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa sababu wengi wao wameona fedha za umma zikiishia kwenye sanamu ambazo hakuna aliyeziomba. Lakini nataka niwapeleke Houston, Marekani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mchoraji Rick Lowe alikuwa akitengeneza picha kubwa zinazoonyesha umaskini na dhuluma wanazopata Wamarekani Weusi. Siku moja wanafunzi wa sekondari walitembelea karakana yake. Kijana mmoja akamwambia kwamba picha zake zinaonyesha kweli yanayotokea mtaani, ila wao wanaoishi huko hawahitaji kuonyeshwa, wanayajua. Kama wewe ni msanii na una ubunifu, akamuuliza, kwa nini usibuni suluhisho?

Fikirini swali hilo likitoka kwa mtoto wa shule, likielekezwa kwa mtu mzima anayeamini yuko upande wa wanyonge. Lowe hakulikwepa. Mwaka 1993 yeye na wasanii wenzake sita walichukua nyumba 22 ndogo za mbao katika kitongoji cha Third Ward, zilizokuwa zimeachwa zikiharibika. Zilikuwa nyumba za mtindo wa zamani wa Weusi wa kusini mwa Marekani, chumba nyuma ya chumba, na kibaraza mbele kinachotazama kibaraza cha jirani. Mchoraji mkongwe wa mji huo, John Biggers, alikuwa amekwisha kuzichora nyumba za aina hiyo kwa heshima kubwa, akiona ndani yake maisha ya watu wake. Lowe na wenzake wakazifanyia lile ambalo Biggers alilifanya kwa brashi. Walifagia, walipiga misumari, walipaka rangi, wakiwa na majirani na watu waliojitolea. Baadhi ya nyumba wakapewa wasanii waonyeshe kazi zao. Nyingine wakapewa akina mama vijana waliokuwa wakilea watoto peke yao, wapate pa kukaa huku wakimaliza masomo. Mradi huo unaitwa Project Row Houses, na ungali hai.

Sasa niambieni, hapo sanaa iko wapi? Lowe alifuata wazo la mchongaji wa Kijerumani Joseph Beuys, kwamba jamii yenyewe inaweza kuchongwa kama sanamu. Yule mama kijana anayesoma kibarazani jioni, mtoto wake akicheza kwa jirani anayefahamika, ni sehemu ya kazi ile. Nilipoanza kuielewa Houston, niliacha kuuliza kama sanaa inakuja kabla ya huduma au baada yake. Nyumba zile zilikuwa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Jambo kama hilo lilitokea Liverpool, nchini Uingereza, katika mitaa minne ya eneo la Granby. Baada ya ghasia za mwaka 1981 eneo lile lilidorora. Nyumba zikanunuliwa na mamlaka zikisubiri kubomolewa, madirisha yakazibwa, watu wakaondoka mmoja mmoja. Waliobaki, wengi wao wanawake, hawakusubiri mradi wa mtu. Walianza kwa ufagio. Wakafagia mitaa, wakapanda maua kwenye vyombo vilivyopatikana, wakachora juu ya madirisha yaliyozibwa ili nyumba zisionekane kama maiti, wakaanzisha gulio la mtaani. Mwaka 2011 wakaunda chombo cha kumiliki ardhi kwa niaba ya wakazi wenyewe. Baadaye kundi la wasanifu vijana liitwalo Assemble likafanya nao kazi ya kukarabati nyumba kumi za kwanza. Vifusi vya ubomozi wakavisaga na kuvitumia kutengeneza sehemu za kuotea moto ndani ya nyumba zilezile. Mwaka 2015 kazi hiyo ikapata tuzo ya Turner, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za sanaa Uingereza. Wengi walishangaa: nyumba za watu zinapataje tuzo ya sanaa? Mimi sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba ilichukua miaka mingi hivyo kumwona msanii katika mwanamke mwenye ufagio.

Ndugu zangu wachoraji, najua mnaniuliza moyoni: na ukuta je? Maana sisi kazi yetu ni ukuta. Basi twendeni Philadelphia, na hapa nataka nikae kidogo.

Mwaka 1984 meya wa mji huo, Wilson Goode, alitaka kukomesha uandikaji wa kuta. Akaajiriwa mchoraji Jane Golden, awaendee vijana waliokuwa wakiandika. Badala ya kuwaona wahalifu, aliwaona watu wenye mkono na wenye njaa ya kuonekana, akawapa kuta kubwa zaidi. Kutokana na hapo ulizaliwa mpango ambao umekwisha kutoa kazi zaidi ya 4,000 za sanaa mjini humo. Ila idadi si kitu kinachonivutia. Kinachonivutia ni kitambaa.

Watu wengi hudhani mchoro mkubwa wa ukutani huchorwa na mtu aliyening'inia kwenye jukwaa la ujenzi. Mara nyingi Philadelphia hawafanyi hivyo. Wanachukua kitambaa chembamba, cha aina ya kitambaa cha parachuti, wanaukata mchoro katika miraba, wanachora mistari, na kila kipande kinaandikwa namba ya rangi yake. Miraba hiyo husambazwa. Mtoto wa darasa la tatu anapaka wake mezani. Mzee asiyeweza kupanda ngazi anapaka wake akiwa kitini. Mfungwa anapaka wake gerezani. Kisha vipande hukusanywa, hubandikwa ukutani kwa gundi ya akriliki, huunganishwa na kufunikwa kwa dawa ya kuzuia jua, na ukipita hutaona kiungo. Ni ufundi mdogo tu, lakini umefungua mlango mkubwa. Mtu asiyeweza kufika ukutani, ukuta unamfuata.

Kwa njia hiyo walifanya kazi na wafungwa wa gereza la Graterford, wengi wao wakiwa na vifungo virefu, na upande wa pili wakawaita waathirika wa uhalifu, wakiwamo watu waliofiwa na wapendwa wao. Lengo lilikuwa mchoro mmoja wa uponyaji. Walikutana, wakasemezana, wakavutana. Walishindwa kukubaliana juu ya picha moja. Na nampongeza kila aliyekuwa pale kwa kutolazimisha, maana zilichorwa picha mbili, moja ya safari ya waathirika na nyingine ya safari ya wafungwa, zikawekwa kwenye kuta zilizo jirani. Mtu wa pupa angesema mradi ulishindwa. Mimi naona mji uliopata kuta mbili zinazosema ukweli, na watu ambao wasingekaa meza moja maishani mwao walikaa, wakapakana rangi mikononi.

Judy Baca alifanya jambo la jamaa hiyo Los Angeles. Kuanzia 1976, katika majira kadhaa ya kiangazi hadi 1983, alikusanya vijana zaidi ya 400, wengine wakitokea mikononi mwa sheria, wakachora historia ya watu wa California kwenye ukuta wa mfereji wa zege wa kupitishia mafuriko. Ukuta huo una urefu wa mita 840 hivi. Vijana wa makundi yaliyokuwa yakipigana walilazimika kukubaliana bega la mtu fulani katika mchoro liishie wapi ili la mwingine lianzie.

Tusidhani pia kwamba sanaa ya mji ni rangi peke yake. Antanas Mockus, mwanafalsafa na mwanahisabati, alipokuwa meya wa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, mwaka 1995, aliwaweka barabarani waigizaji bubu, nyuso zimepakwa nyeupe. Dereva akisimama juu ya kivuko cha pundamilia, mwigizaji anamwonyesha kwa ishara alivyokosea, na kivuko kizima kinatazama. Hakuna faini, hakuna tusi. Kuna aibu tu, na watu wa mji ule waliona haya. Wakazi nao waligawiwa kadi, upande mmoja kidole gumba juu, upande mwingine kidole gumba chini, wasemezane barabarani bila matusi. Katika miaka iliyofuata vifo vya barabarani mjini humo vilipungua kwa takriban nusu. Zilikuwapo hatua nyingine pia, za polisi na za barabara zenyewe, kwa hiyo siwezi kuwapa waigizaji sifa zote. Lakini nani kati yetu angethubutu kupeleka bajeti ya waigizaji mbele ya baraza?

Na kama mnapenda ushahidi wa karibu zaidi na lami: mwaka 2022 ulitolewa utafiti uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies kuhusu maeneo 17 nchini Marekani ambako makutano na vivuko vilichorwa michoro ya rangi. Ajali zinazohusisha waenda kwa miguu na waendesha baiskeli zilikuwa zimepungua kwa nusu. Dereva anayeona ardhi imebadilika hupunguza mwendo. Huo ni mchango wa rangi, ndoo chache tu.

Kisha yupo Augusto Boal, mtu wa tamthilia wa Brazil. Alichaguliwa diwani wa Rio de Janeiro na akahudumu toka 1993 hadi 1996. Alipeleka maigizo mitaani, kwa wazee, kwa wauguzi, kwa wanafunzi. Wakazi waliigiza tatizo lao, watazamaji wakaingia jukwaani kujaribu utatuzi, na yaliyotoka hapo yakaandikwa kuwa miswada. Sheria 13 zilipita kwa njia hiyo. Moja ilitoka kwa watu wasioona. Waliigiza jinsi fimbo inavyopita chini ya kibanda cha simu ya umma kilichotundikwa kwenye nguzo, isiguse kitu, na mtu anagonga uso. Ikaamriwa chini ya simu hizo kuwe na jukwaa dogo la zege ambalo fimbo italigundua. Nani alichonga mji hapo? Mhandisi alimwaga zege. Lakini aliyeonyesha mahali pa kulimwaga ni mtu asiyeona, akiigiza maisha yake mbele ya majirani.

Nimesema mengi juu ya kuuliza kwanza. Kuna mtu hapa, na namshukuru, aliyenishika mkono wakati wa chai akaniuliza: mbona Simon Rodia hakumuuliza mtu? Ni swali la haki. Rodia alikuwa mhamiaji kutoka Italia, kibarua wa ujenzi. Kuanzia 1921 hadi 1954, miaka 33, baada ya saa za kazi, alijenga minara katika kiwanja chake huko Watts, Los Angeles. Nondo, wavu wa waya, saruji, na juu yake vipande vya vigae, chupa zilizovunjika, makombe ya baharini. Mnara mrefu kuliko yote unakaribia mita 30. Kisha akaondoka, hakurudi kuishi pale. Mamlaka ya mji ikaona ni hatari, ikaamuru minara ibomolewe. Watu wakasimama kuitetea, na mwaka 1959 mnara ule mrefu ukafanyiwa jaribio: ulivutwa kwa nguvu ya takriban kilo 4,500. Mnara haukutikisika, chombo cha kuvutia ndicho kilichoanza kupinda. Minara ipo hadi leo, na kando yake kuna kituo ambako watoto wa eneo lile hufundishwa sanaa.

Basi Rodia hakuuliza. Lakini tazameni alivyofanya. Alijenga kwake, kwa mikono yake, majirani wakitazama kila jioni kwa miaka 33, watoto wakimletea vigae vilivyovunjika. Kila mmoja alikuwa na muda wa kuzoea, kuchukia, kupenda. Msanii anayeletwa kwa gari Jumatatu na kuondoka Ijumaa hana miaka hiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwake yeye kikao ndicho kinachofidia miaka ambayo hakuishi pale.

Sasa nifike mahali panaponikosesha usingizi. Sanaa ikifanikiwa, kodi ya pango hupanda.

Huko Kreuzberg, Berlin, msanii anayejulikana kwa jina la Blu alichora michoro miwili mikubwa, miaka ya 2007 na 2008, kando ya kiwanja kilichokuwa wazi. Ikawa picha za kadi, watalii wakamiminika. Kiwanja kikapangiwa majengo mapya, na michoro ile ikawa sehemu ya mvuto wa kuuzia. Desemba 2014, kwa ridhaa ya Blu mwenyewe, michoro ile ikapakwa rangi nyeusi yote, usiku mmoja. Waliohusika walieleza wazi kwamba hawakutaka kazi yao iwe chambo cha kuwafukuza watu wa mtaa waliouchorea. Nilipoona picha ya kuta zile nyeusi, nilikaa kimya muda mrefu. Sijui kama ningekuwa na ujasiri huo.

New York nako, jengo la kiwanda cha zamani huko Queens, lililojulikana kama 5Pointz, lilichorwa kwa miaka mingi kwa ruhusa ya mwenye jengo. Ilipofika Novemba 2013 akalipaka jeupe usiku, akijiandaa kulibomoa na kujenga ghorofa za kuishi. Wasanii 21 walikwenda mahakamani wakitumia sheria ya mwaka 1990 inayolinda haki za msanii juu ya kazi yake. Mwaka 2018 jaji akaamuru walipwe takriban dola milioni 6.7 kwa kazi 45 zilizoharibiwa, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikaikubali hukumu hiyo. Nimefurahi kwa ajili ya wenzangu wale. Lakini niliposoma hukumu nilijiuliza: sheria imemlinda mchoraji, je, mpangaji wa nyumba ya jirani aliyelazimika kuhama kwa sababu eneo limekuwa la kifahari, yeye alifungua kesi kwa sheria gani?

Ndiyo maana nimewaeleza habari ya Granby kwa kirefu. Wanawake wale walishika ufagio, wakashika brashi, na wakashika hati ya ardhi. Nyumba za chombo chao haziuzwi kwa bei ya soko linalopanda. Bei imefungwa kwenye kipato cha watu wa eneo lile. Ninyi maofisa wa mipango miji, mkija kwangu na bajeti ya mchoro mkubwa, nitawauliza kwanza ardhi ya pale ni ya nani na mikataba ya wapangaji inaisha lini. Msinione mkorofi. Nimeona mtaa ukipendeza hadi waliouchora wakashindwa kuishi ndani yake.

Na ninyi wafadhili, wekeni fedha ya matunzo. Jua linakula rangi, hasa nyekundu. Unyevu ukipanda kutoka kwenye msingi, plasta inavimba na mchoro unabanduka kama ganda. Kabla ya kumtafuta msanii, mwiteni fundi aangalie bomba linalovuja nyuma ya ukuta. Mchoro uliochakaa bila mwenyewe huwaambia watu kwamba wamesahauliwa mara ya pili. Mwaka 2009 msanii wa Kifaransa JR alifunika mapaa ya nyumba huko Kibera, Nairobi, kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa mtaa huo, na picha zilichapwa kwenye turubai lisilopitisha maji ili zizuie mvua. Nampenda msanii anayefikiria mvua.

Mara nyingine matunzo ni kuacha kitu kikiwa kimevunjika. Tarehe 10 Juni 1995, wakati wa tamasha katika bustani ya San Antonio mjini Medellín, Kolombia, bomu lililotegwa kwenye sanamu ya ndege mwenye manyoya, kazi ya msanii Fernando Botero, lilipasuka. Watu zaidi ya 20 walikufa. Mamlaka ilitaka kuondoa mabaki. Botero, mzaliwa wa mji huo, akasisitiza yabaki palepale, na mwaka 2000 akatoa ndege mwingine, mzima, akawekwa kando ya yule aliyepasuka. Wote wawili wapo hadi leo. Wenye jamaa zao waliokufa wanapata mahali pa kusimama, na watoto waliozaliwa baadaye wanauliza kwa nini ndege mmoja ana tumbo lililotoboka, na mtu mzima analazimika kuwajibu.

Niliahidi kurudi kwa yule mama.

Nilirudi kwake baada ya wiki mbili. Safari hii sikubeba rangi, nilibeba kiti. Nikakaa chini ya ukuta wangu, na watu wa majengo yale mawili wakaja mmoja mmoja, kwanza kunilaumu, kisha kuzungumza. Tulikutana jioni nyingi. Walitaka benchi, nasi tukajenga benchi. Walibishana sana juu ya nani achorwe, mwishowe wakakubaliana asichorwe mtu. Ichorwe njia ya zamani iliyokuwa ikipita pale kabla ya majengo, ambayo wazee waliikumbuka na watoto hawakuwahi kuiona. Wazee walituelekeza, na vijana wakapaka. Kile kipande kinachotazama dirisha lake mama alitaka kiwe rangi moja tu, buluu iliyopauka, bila kitu. Nilibishana naye. Nilimwambia tunapoteza robo nzima ya ukuta. Akaniambia, "Hiyo robo ndiyo yangu." Nikaipaka kwa mkono wangu.

Mama yule alishafariki. Dirisha lake sasa ni la familia nyingine, na vijana waliotusaidia wakati ule ni watu wazima wenye watoto. Wamekwisha kuupaka upya ukuta ule mara mbili bila mimi. Sehemu za njia wamezibadili, miti wameongeza, na ni haki yao. Ila kila wanapofika kwenye ile robo, mtu mmoja hunipigia simu kuniuliza namba ya buluu ile.